Mkanda wa tumbo baada ya kisu: nimeupima juu ya pikipiki, Mwanza hii ya mawe na matuta

Naanza na jibu kabisa maana najua wengine mnasoma huku mtoto ananyonya na simu iko asilimia 9. Kama umezaa kwa kisu, yaani oparesheni, ule mkanda mpana wa kawaida, wa rangi ya ngozi, usio na mbwembwe, unaouzwa maduka ya vifaa tiba karibu na hospitali, nunua. Ule wa tatu kwa moja wenye vijiti vya plastiki unaotembea sana kwenye status za watu, kama unaendesha pikipiki achana nao, kama kazi zako ni za kusimama na kutembea tembea ndani unaweza ukakufaa. Na yote miwili haitakurudisha kwenye pikipiki kabla mwili haujataka, hilo ndo limenifanya niandike hii review ndefu namna hii, maana wauzaji hawakuambii, wanakuambia tu "tumbo linarudi flati dada".

Mi ni mama wa Kitangiri, natoa dagaa na sato mwaloni Kirumba nasambaza kwa wateja Pasiansi, Bwiru, mjini mpaka Nyegezi huko, kwa pikipiki yangu mwenyewe, Boxer, tenga nyuma. Sio bodaboda, sipakii abiria, ila kwa siku nakaa juu ya ile siti kuliko ninavyokaa kwenye kochi. Mtoto wa kwanza nilimzaa kawaida nikarudi barabarani fasta tu, huyu wa pili ilikuwa kisu, na nawaambia ukweli ni habari mbili tofauti kabisa, usimsikilize mtu aliyezaa kawaida akikuambia "mbona mimi". Walioajiriwa sheria inawapa siku 84 za likizo ya uzazi, mapacha 100, sisi wa kujiajiri likizo yetu inaisha pale akiba inapoisha, mteja atakuambia hongera mama, afu kesho yake anauliza dagaa zipo?

Sasa mikanda. Wa tatu kwa moja niliuletewa na wifi yangu kutoka Kariakoo, elfu 45 alisema, uko kwenye boksi zuri lina picha ya mdada tumbo kama hajawahi hata kushiba. Ndani kuna vipande vitatu, kimoja cha tumbo, kimoja cha kiuno, kimoja cha nyonga, unavaa vyote au kimoja kimoja. Namshukuru wifi kwa moyo wake, hapa naongelea mkanda simuongelei yeye, asije akasoma tukaanza mambo mengine.

Wa pili niliununua mwenyewe duka la vifaa tiba hapa mjini, jina silitaji maana nina la kusifia na la kulalamikia kwa pamoja. La kusifia ni yule dada wa kaunta. Nilivyoingia nikasema nataka mkanda wa tumbo saizi L, hakuchukua hela, akaniuliza "kisu au kawaida?", nikamwambia kisu, akauliza kidonda kimekauka, kinatoa maji, kuna sehemu inauma ukigusa, afu ndo akatoa futi ya fundi cherehani. Akanipima nikiwa nimesimama, chini ya kitovu na kwenye mifupa ya nyonga, akaniambia "mama usijibane, achia tumbo, pumua kawaida, ukijibana hapa mkanda utakubana nyumbani". Nikatoka XL sio L, roho iliniuma kidogo lakini futi haina undugu. Afu nilivyomwambia naendesha pikipiki akacheka, akavuta kiti cha plastiki akakigeuza mgongo mbele, akaniambia kaa hapo kama uko kwenye pikipiki yako, shika usukani. Nikakaa nimepanua miguu na mkanda juu ya gauni katikati ya duka, nikainama mbele kama nafunga breki, nikainuka. Akapitisha kidole ukingo wa chini wa mkanda kuona kama unachimba kwenye mshono. Hauchimbi. Hiyo ni huduma jamani, kuna mahali unauziwa hadi dawa bila kuangaliwa usoni.

La kulalamikia sasa. Duka halina hata pazia, nikiwa pale nimekaa kimajeshi juu ya kiti kaingia baba mmoja kutafuta magongo ya kutembelea, na ye kwa aibu akajifanya anasoma bei za glavu. Mama mwenye mshono mbichi anahitaji sehemu ya kujaribia mkanda hata kama ni kanga tu wameitundika. Halafu bei haijaandikwa, ukiingia umevaa vizuri unatajiwa elfu 35, mi nilishuka nayo mpaka 28 kwa sababu nilikaa, kuna aliyetoka mbele yangu kalipa yote bila swali. Na risiti mpaka uombe. Kurudisha hairuhusiwi ukishavaa, hilo naelewa, ni nguo ya mwilini.

Kabla sijaenda kwenye pikipiki niseme huu mkanda unafanya nini na haufanyi nini maana hapa ndo watu wanaliwa hela. Kwenye oparesheni ya uzazi unakatwa ngozi, mafuta, halafu ule utando mgumu unaoshika misuli, misuli yenyewe ya tumbo kwa kawaida haikatwi, wanaitenganisha katikati wanaisukuma pembeni, halafu utando mwingine wa ndani, halafu mfuko wa uzazi. Vyote hivo vinahitaji kupona, na kila kimoja kina mwendo wake. Ngozi inafunga ndani ya wiki moja mbili hivi, unajiangalia kwenye kioo unasema nimepona. Ule utando mgumu wa ndani wiki ya 6 unakuwa umepata karibu nusu tu ya nguvu yake ya zamani, na unaendelea kujijenga miezi 6 na kuendelea. Kwaiyo kidonda unachokiona na kidonda kinachobeba kazi ni viwili tofauti. Mkanda kazi yake ni kushikilia hapo katikati, ukikohoa, ukicheka, ukiamka kitandani, ukitembea, maumivu yanapungua na unapata ujasiri wa kunyooka badala ya kutembea umejikunja. Hauyeyushi mafuta. Haurudishi misuli iliyoachana, hiyo inarudishwa na muda na mazoezi.

Na ukitaka kujua kama misuli yako imeachana lala chali, kunja magoti, inua kichwa kidogo tu, papasa kwa vidole juu na chini ya kitovu, ukikuta bonde la upana wa vidole zaidi ya viwili ongea na watu wa fizio, wale wa tiba ya mazoezi ya viungo, kabla hujanunua chochote. Subiri kidonda kipone ndo ufanye hivo, usifanye wiki ya kwanza.

Sasa kurudi kwenye pikipiki. Kliniki niliyoenda ya wiki 6 waliangalia mtoto, wakaangalia mshono, wakasema unaendelea vizuri, wakauliza uzazi wa mpango, basi. Hakuna aliyeniuliza unafanya kazi gani. Mi ndo nikauliza, je pikipiki? Nesi akaniambia "kupanda unaweza, kaa upande upande". Kukaa upande! Nikamwambia dada mi ndo dereva. Akaniangalia kama nimemtania, akasema muulize daktari, na daktari alikuwa ameshaondoka.

Nikaingia mtandaoni kutafuta, na hapo ndo nikakutana na kitu sikutegemea. Kwa Kiswahili hakuna kitu, wanawake wa pikipiki tupo kibao lakini hakuna aliyeandika. Walioandika ni wapanda farasi, wanawake wa Uingereza huko na Marekani, kurasa kwa kurasa, lini nirudi kwenye farasi baada ya kisu. Farasi mi nimewaona kwa polisi tu kwenye gwaride, tena kwenye TV, lakini nilivyosoma nikasema ee, hawa wanaongea lugha yangu. Maana fikiria, mtu kakaa kapanua miguu, kitu kilicho chini yake kinamrusha, mapaja yamebana, mikono imeshika mbele, tumbo ndo linafanya kazi ya kumweka katikati asianguke. Tofauti farasi anaweza kushtuka mwenyewe, Boxer yangu inashtuka mi nikikosea klachi.

Wao wanasemaje. Kwanza usipande kwa kuruka au kujivuta, panda ukiwa umesimama kwenye kigoda au ngazi, maana kule kujivuta mguu mmoja hewani ndo kunavuta mshono kuliko hata safari yenyewe. Pili anza na farasi mzee mpole, mwendo wa kutembea, uwanja tambarare, dakika chache, na mtu pembeni. Kukimbia kule kwa kudundadunda ndo kunakuja mwisho. Tatu, hatari kubwa sio kukaa, ni kuanguka, kwaiyo kama mwili hauwezi kujibu haraka usiwe juu. Na wengi wanafuata ule mwongozo wa mafizio wa Uingereza wa 2019 ambao uliandikwa kwa ajili ya kukimbia, unaosema vitu vya kudundisha mwili subiri angalau miezi 3, na ufanyiwe ukaguzi kwanza wa misuli ya tumbo na ya sakafu ya nyonga, ile ya chini inayozuia mkojo. Miezi 3 ni kama wiki 12, piga hesabu, wiki 12 ni siku 84, zile zile za sheria yetu ya likizo. Nilivyoona hivo nikaacha kujiona mvivu.

Nikampelekea hayo maelezo fizio wa hospitali moja hapa mjini, kulipia mara moja tu, akasema wapo sahihi, badilisha tu neno farasi weka pikipiki. Na yeye ndo aliyenionyesha kitu ambacho kilinifungua macho, misuli ya mapaja ya ndani, ile unayobania tenki, inaanzia kwenye mfupa wa kinena, pale pale misuli ya tumbo inapoishia, chini kidogo tu ya mshono. Ndo maana ukibana tenki kwenye kona au kwenye mchanga unasikia kuvutwa tumboni wakati tumbo hujaligusa. Wengi wanadhani mshono unafumuka, wanaogopa, au wengine wanadhani hakuna uhusiano wanaendelea kubana.

Nilianza hivi. Pikipiki iko nyumbani imesimama kwa stendi ya pembeni, napanda kwa kukanyaga tofali kwanza afu ndo navusha mguu, nakaa, nashuka. Basi, siwashi. Siku nyingine nawasha kwa kubonyeza stata, naisikiliza inatetemeka, nazima. Kupiga kiki nilimwachia mdogo wangu kabisa, kiki ni adui namba moja, unaweka uzito wote mguu mmoja unashindilia chini, tumbo linakaza lote kwa mpigo. Adui namba mbili ni stendi ya kati, kuinua Boxer na tenga kwenye stendi ya kati hata wanaume wanatoa sauti. Namba tatu ni kuirudisha nyuma kwa miguu ukiwa umekaa, kwenye mteremko, na Kitangiri yetu mnajua hakuna sehemu tambarare, ni mawe na miteremko mpaka choo kimejengwa kwa ngazi. Wale mnaokaa Mabatini na Igogo mlimani huko nawaonea huruma zaidi. Kwaiyo nikawa napaki kichwa kikiangalia barabara, tenga linapakiwa na mtu mwingine, na mzigo nusu.

Barabarani nilianza na lami tupu asubuhi kabla boda hazijachangamka, Makongoro rodi mpaka Pasiansi na kurudi, nimevaa mkanda mpana. Hapo ndo ulinionyesha kazi. Siku moja nyuma nilishapita tuta bila mkanda nikiwa nimepakiwa na boda, nikauma meno. Na mkanda, ukipunguza mwendo, ukanyanyuka kidogo kwenye vikanyagio magoti yakala tuta, tumbo linatulia. Kwenye breki ya ghafla pia, ukisukumwa mbele unasikia kitu kimekushika. Sio kwamba hauumwi, unasikia, lakini ni kusikia sio kuuma. Njia ya vumbi ya kuingia kwa wateja wa Bwiru niliiacha mwezi mzima zaidi, walinielewa, mmoja tu alihamia kwa mtu mwingine na heri yake.

Huu mkanda mpana ubora wake ni ujinga wake. Ni elastiki tu pana na vekro, hauna kijiti, hauna ndoano. Ukikaa unakunjika na wewe, ukisimama unanyooka na wewe. Ukingo wa chini unapita juu ya mifupa ya nyonga, chini ya mshono, kwaiyo mshono uko katikati ya mkanda sio kwenye ukingo. Hilo liangalieni sana mkijaribu, ukingo usilale juu ya mshono.

Wa tatu kwa moja nao niliupa nafasi, nikauvaa safari ile ile ya Pasiansi. Ukiwa umesimama aisee unajiona miss, kiuno kinatokea, mgongo umenyooka, nilipiga na picha. Kaa kwenye siti sasa. Vile vijiti vya plastiki vinagoma kukunja, cha mbele kinapanda juu kinachoma chini ya matiti, na matiti yenyewe yamejaa maziwa, na kipande cha chini kinajiviringisha kama chapati mpaka kinakuwa kamba, na hiyo kamba inalala wapi? Juu ya mshono. Nilisimama pembeni pale karibu na Pasiansi nikaufungua ndani ya dera mbele ya watu krrrrr, boda wote wakageuka. Kile kipande cha nyonga peke yake hakina tatizo, kwa wenye maumivu ya nyonga na mgongo wa chini naona kinasaidia, lakini hununui elfu 45 kwa ajili ya kipande kimoja.

Joto. Hakuna anayeliandika hili kwenye matangazo. Mwanza hii jua la saa 7 mchana, ziwa liko pale lakini halikupepei, unavaa mkanda, dera, koti la kuendeshea, helmeti, ukifika kwa mteja umelowa. Wa tatu kwa moja una kitambaa cha ndani cha kama sponji, jasho haliendi popote, nilitoka vipele. Mpana una vitundu, afadhali, lakini bado usiuvae juu ya ngozi, vaa singlendi ya pamba ndani, na mshono uwe mkavu kabisa kabla hujafunika. Na kufua, fua kwa mkono, vekro ifunge kwanza kabla hujafua, usipofunga inaokota nyuzi na nywele zote za nyumba na baada ya muda hainati. Sauti ya vekro nayo ni kesi, umembembeleza mtoto saa nzima kalala, unavua mkanda ulale na wewe, krrrr, kaamka. Nilikuwa naenda kuvulia bafuni.

Kulala nao usilale, fizio alinikataza, vaa ukiwa na shughuli, vua ukipumzika, na uanze kupunguza masaa kadri unavyopata nguvu ili misuli isisahau kazi yake. Na usibane sana. Kuna mtu atakuambia kaza mpaka pumzi ikate ndo tumbo lirudi. Ukikaza sana ile presha haipotei, inashuka chini kwenye ile sakafu ya nyonga, ambako misuli imechoka na mimba ya miezi 9 hata kama mtoto hakupita huko. Utajua kwenye tuta, mkojo unachuruzika kidogo. Wanawake wengi mnapata hilo mnakaa kimya mnavaa pedi, mi nilipata, nikalegeza mkanda, nikafanya yale mazoezi ya kubana na kuachia ya nyonga, kukapungua. Ikiendelea nenda, inatibika.

Mama mkwe wangu yeye na mkanda wa dukani haziivi chungu kimoja. Alikuja na kanga zake na sufuria la maji ya moto, anataka kunikanda tumbo na kunifunga kama alivyofungwa yeye. Supu ya sato na uji wa pilipili manga nilipokea kwa mikono miwili, kukanda nikakataa kwa heshima, nikamwambia mama shikamoo tena, hapa kuna nyuzi ndani, maji ya moto na kusugua juu ya mshono ni kujitafutia kuungua na kufumuka, na ngozi yenyewe pale juu ya mshono imekufa ganzi, hata ukiniunguza sitasikia. Hiyo ganzi ni ya kawaida, vineva vimekatwa, inachukua miezi. Alinuna siku mbili tatu akaja kuniambia basi kanga tu. Kanga nikamkubalia, mbona ni kitu kile kile, ukifunga kwa ustaarabu inashikilia vizuri tu, tatizo lake inalegea ukitembea na kwenye pikipiki haikai kabisa.

Tena kufunga tumbo baada ya kisu huku kwetu maziwa makuu sio kwa leo. Mwaka 1879 kuna mzungu tabibu wa misheni, Robert Felkin, alikuwa Bunyoro, Uganda, sehemu inaitwa Kahura, akashuhudia waganga wa pale wanampasua mama anayejifungua. Mama kanyweshwa pombe ya ndizi, mganga kanawa mikono na kuosha tumbo kwa pombe hiyo hiyo, mtoto katolewa, kidonda kikafungwa kwa vijiti vya chuma 7, kikapakwa dawa ya mizizi, jani la mgomba juu, na mwisho kabisa wakamfunga tumbo kwa kitambaa cha gome la mti, mbugu, wakakaza. Vyuma vilishatolewa vyote siku ya 6, na Felkin akaja kuiandika 1884 huko Edinburgh. Nilimhadithia mama mkwe akasema "si niliwaambia", nikamwambia mama sijaona sehemu waliyomkanda.

Dalili za kutokupuuza, hizi sio za mkanda ni za wewe: homa, mshono kutoa usaha au kunuka au kuachia, damu inayolowesha pedi haraka, mguu mmoja kuvimba na kuuma kwenye kigimbi, kukosa pumzi. Hapo pikipiki weka chini, mkanda vua, nenda hospitali, usije kuniuliza mimi.

Jaribio langu kubwa lilikuwa kwenda Sengerema kwa mama yangu mzazi, mtoto katangulia na baba yake kwenye gari, mi nikafuata na Boxer. Daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa Juni 2025, ile kusubiri kivuko jua linakupiga imeisha, kilomita 3 hivi juu ya maji lami safi haina shimo. Huko njiani mkanda niliuvaa mpaka Usagara, nikasimama kumpigia simu baba mtoto, nikauvua nikautia kwenye begi, nikamaliza safari bila mkanda. Mgongo ndo ulichoka kuliko tumbo. Na hapo ilikuwa imeshapita miezi mingi, sio wiki ya 6, asije mtu akasema fulani kaenda Sengerema na mshono mbichi.

Kwaiyo alama zangu. Mkanda mpana 4 kwa 5, moja nimeikata kwa vekro ambayo imeanza kuchoka upande wa kulia. Wa tatu kwa moja 2, moja ya kipande cha nyonga na moja ya boksi. Duka 3, ingekuwa 5 kwa ajili ya yule dada lakini pazia ni bei gani jamani, na waandike bei. Ukienda nenda asubuhi, jioni dada wa futi anakuwa ameshaondoka anabaki kijana mmoja ambaye anakupa saizi kwa kukuangalia.

Na ule wa tatu kwa moja nauuza. Umefuliwa, boksi lipo, saizi L, elfu 15, uje Kitangiri mwenyewe maana sifanyi delivery ya nguo. Wifi akiuliza nimeuazimisha.